Mrututu sio chumvi, utoeni jikoni

Juzi nimeingia jikoni kwa mkulima mmoja nikakuta mrututu umefungwa fundo kwenye nailoni umening'inia juu ya kopo la chumvi, mawe ya buluu yanang'aa kama pipi na watoto wapo hapo hapo wanacheza. Nilishtuka sana. Mrututu ni shaba iliyounganishwa na salfa na oksijeni, viwandani wanautumia kupaka vyuma shaba kwa umeme na kukinga mbao zisioze, migodini wanautumia kutenganisha zinki na mawe, sasa kitu kama hicho kinakaaje na chumvi?

Shambani unasaidia kweli, unazuia chule buni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya kahawa, ukungu wa nyanya, ila usiupige peke yake maana utaunguza majani, lazima chokaa. Kwa lita 20 chukua gramu 200 za mrututu na gramu 200 za chokaa. Yeyusha mrututu kwenye lita 10 za maji, ndoo iwe ya plastiki kwa sababu ndoo ya bati inaliwa, chokaa nayo koroga kwenye lita 10 nyingine, halafu mimina mrututu taratibu ndani ya chokaa huku unakoroga. Chukua msumari mpya unaong'aa uutumbukize dakika moja hivi, ukitoka na wekundu wa shaba ujue chokaa haijatosha, ongeza. Chuja kwa kitambaa, upige siku hiyo hiyo, ukilala haufai tena.

Wakati wa kuchanganya vaa glavu na miwani, hapo ndo watu wengi wanazembea. Ukiruka machoni osha na maji mengi dakika 15 kisha nenda hospitali. Mtu akiumeza anatapika, saa nyingine matapishi ya kijani au buluu, tumbo linawaka, na ukizidi unapasua chembe nyekundu za damu, unaharibu figo na ini, kwa hiyo usimlazimishe kutapika, mkimbize hospitali na pakiti yake mkononi. Na wale wanaopaka kwenye vidonda waache kabisa, sumu inapita kwenye kidonda.

Kondoo nao shaba inawaua haraka kuliko mbuzi, usiwafungie kwenye majani uliyopiga. Pampu usioshee mtoni, samaki watakufa, na maji ya kuoshea yamwage shambani mbali na kisima.