Mzee kaambiwa mshipa wa moyo umejaa kalsiamu na atapigwa mawimbi ya mshtuko ya kuipasua, jipangeni hivi

Watu wakisikia mshtuko wanadhani ni ule umeme wa kuamsha moyo uliosimama. Siyo huo. Hii ni katheta, yaani mrija mwembamba, yenye kaputo mbele, inapita juu ya kiwaya mpaka pale palipoziba, puto linajazwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei, na ndani yake kuna vitoa cheche, cheche ikipiga maji yanatoa kiputo kinachotanuka na kupasuka ghafla, hapo ndo wimbi linatoka, kwenye nyama laini linapita tu ila likikuta kalsiamu inapiga nyufa. Wazo lenyewe ni la wavunja mawe ya figo, Wajerumani walianza nalo Munich 1980. Kwenye mishipa limeletwa na Shockwave Medical ya California, Marekani wakairuhusu kwa mishipa ya moyo Februari 2021.

Sasa sikilizeni hapa: kalsiamu HAITOLEWI. Inabaki palepale ila imepasuka, na lengo ni mshipa ulegee ili stenti (kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa wazi) ifunguke yote, maana stenti ikiwekwa kwenye mshipa mgumu inabaki imebanwa, na iliyobanwa ndo inayokuja kugandisha damu au kuziba tena. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei muulizeni daktari kalsiamu ni kiasi gani na kaipimaje. Angiogramu ya kawaida (ile eksirei ya mishipa) inaonyesha kivuli tu. Kipimo cha ndani ya mshipa kama OCT (kinachopiga picha kwa mwanga) kinaonyesha vizuri: imezunguka zaidi ya nusu ya mshipa? unene umepita nusu milimita? urefu umepita milimita 5? Ukijibiwa ndiyo kwa yote matatu, stenti peke yake ina hatari kubwa ya kutofunguka. Ikiwa kidogo, mara nyingi puto la kawaida linatosha, msikimbilie gharama. Na ulizeni pia kama wana ile drili ndogo ya kusaga, coz mshipa ukiwa mwembamba sana puto la mawimbi halipiti.

Bei: katheta ni ya mgonjwa mmoja, ikitumika inatupwa, na ni ghali. Ulizeni kama kwenye bei mliyopewa stenti imo, bima ijibu kwa maandishi.

Kabla ya siku bebeni dawa zote za mzee kwenye mfuko mmoja, hata mitishamba, daktari aone. Aspirini na klopidogreli, zile za kuzuia damu kuganda, asiache kwa uamuzi wake. Kama ana sukari na anameza metformini ulizeni aisimamishe lini, na majibu ya figo yawepo maana ile dawa ya eksirei inazichosha. Akiwa na pesimeka (kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo) semeni mapema. Kama kuna operesheni nyingine inamsubiri semeni pia, akishawekwa stenti atameza dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi.

Siku yenyewe anapigwa ganzi mkononi au kwenye kinena, pale katheta inapoingilia, mara nyingi yuko macho anaongea. Puto linajazwa kwa presha ndogo, atmosfia 4, mapigo 10 kwa sekunde kama 10, linapandishwa mpaka 6, halafu linashushwa damu ipite, wanarudia. Puto likiwa limejaa anaweza kuhisi kifua kinabana kwa muda, mwambieni asijikaze kiume, aseme. Moyo pia unaweza kudunda kwa kufuata mapigo ya mashine, kwenye utafiti wa tiba hii uitwao DISRUPT CAD III ilitokea kwa kama wagonjwa 4 kati ya 10, kwa kawaida inaisha mapigo yakisimama.

Akitoka ombeni ripoti, CD ya picha na kadi ya stenti. Msiondoke bila hivyo, hospitali ijayo watavihitaji.

Nyumbani kidonda kikivuja damu bonyezeni kwa nguvu bila kuachia na mwende hospitali, kifua kikiuma pia ni kwenda saa hiyohiyo siyo kusubiri asubuhi. Zile dawa za kuzuia damu kuganda zikibaki za wiki moja nunueni nyingine, na mtu wa meno akitaka aziache ampigie kwanza daktari wa moyo.