Kabla ya Kumpeleka Mzee Aliyevunjika Pingili kwa Fiziotherapia

Mtu wa miaka sabini anaweza kuvunjika mgongo bila kuanguka. Akiinama kuinua dumu la maji, au hata akikohoa kwa nguvu, pingili ya uti wa mgongo iliyokwisha kudhoofishwa na osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kupungua uimara, hubonyea. Nyumbani husemwa kiuno kimemshika. Mkandaji anaitwa, mafuta yanapakwa, mgongo unakandamizwa. Hilo ndilo la kwanza la kuacha. Mfupa uliobonyea haurudi mahali pake kwa kusukumwa, na mkono wenye nguvu unaweza kuvunja pingili nyingine.

La pili ni kujua pingili imevunjika kwa sababu gani. Picha ya eksirei huonyesha kuwa imebonyea, lakini si kila mara hueleza chanzo chake. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo kwetu, na saratani nayo huingia mifupani. Kwa hiyo daktari aambiwe kama mzee ana homa, anatoka jasho usiku, amepungua mwili, au ana maumivu yasiyotulia hata akilala. Akipata ganzi sehemu za siri, miguu ikimlegea, mkojo ukikataa kutoka au ukimtoka bila kujijua, msingoje miadi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Siku hiyo hiyo apelekwe penye huduma ya dharura, kama Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara.

Yakishajulikana hayo, kikao cha kwanza cha fiziotherapia kinastahili maandalizi kuliko vyote vitakavyofuata, na nina sababu ya kusema hivyo. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata watu 615 waliovunjika pingili kwa osteoporosisi. Baadhi walipewa vikao kadhaa vya mazoezi au vya tiba ya mikono, wengine wakapewa kikao kimoja tu cha ushauri wa kina. Baada ya mwaka, tofauti ya maana kati yao haikuonekana, ingawa miezi minne ya mwanzo waliofanya mazoezi walikuwa na nafuu kiasi katika nguvu za misuli na mwendo. Mimi sisomi hapo kwamba fiziotherapia haina faida. Nasoma kwamba saa moja iliyotumiwa vizuri ina uzito mkubwa, hasa kwa familia ambayo nauli na ada ya vikao vingi ni mzigo. Ulizeni mapema pia kama SHA, bima ya afya ya serikali, itachangia.

Basi bebeni picha yenyewe ya eksirei pamoja na ripoti yake. Dawa zote zitiwe kwenye mfuko mmoja, zikiwemo za dukani na za mitishamba. Prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe mwilini, ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, na dawa za presha huweza kumletea mzee kizunguzungu anaposimama. Mwulizeni daktari kama anaweza kumeza dawa ya maumivu kabla ya kikao, maana mwenye maumivu makali hujikaza na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani fizio, hataona uwezo wake halisi. Mkumbuke ameanguka mara ngapi mwaka huu, na wapi.

Kisha mzee mwenyewe aulizwe anataka kurudia kufanya nini. Mara nyingi jibu ni sala. Kurukuu na kusujudu ni kuukunja mgongo kwa mbele, na huko ndiko pingili dhaifu huelemewa zaidi. Mwenye ugonjwa ameruhusiwa kusali ameketi, lakini wazee wengi huona uzito kuitumia ruhusa hiyo, na ni vyema tuliheshimu jambo hilo badala ya kulipuuza. Fizio akilijua tangu mwanzo, atamwonyesha namna ya kukaa kitini na kuinamia nyongani mgongo ukiwa umenyooka. Mazoezi ya kujikunja, kama kuinuka kutoka kulala chali au kugusa vidole vya miguu, yasifanywe. Tangu utafiti mdogo wa Mayo Clinic nchini Marekani mwaka 1984 ilionekana kuwa wanawake waliojikunja mbele walivunjika pingili mpya zaidi ya waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo.

Kuinuka kitandani kunaweza kuanza kufundishwa leo. Mzee akunje magoti, ageuke ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja, ateremshe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono hadi aketi. Kitanda cha kamba kilicholegea kinamponza. Kamba zikazwe au aazimwe kitanda kigumu kidogo. Kulala siku nzima kwa wiki kadhaa nako humpunguzia misuli na mfupa. Atembee kidogo kidogo, mara kwa mara.

Jikoni panahitaji macho zaidi. Kukuna nazi juu ya mbuzi, kufua kwenye karai lililo chini, kufagia kwa ufagio mfupi wa chelewa: zote hizi ni kazi za kuinama, na mama zetu huona haya kuziacha. Karai liwekwe juu ya meza, ufagio ufungwe mpini, nazi akune mjukuu. Bafu la sakafu laini liwekewe mkeka usioteleza na mahali pa kushika. Buibui linaloburura lipunguzwe pindo. Choo kigumu kisipuuzwe, maana kujikamua huumiza mgongo na baadhi ya dawa za maumivu hukileta, daktari aambiwe.

Siku ya safari epukeni tuktuk yenye kurukaruka kwenye matuta, na anayetoka Likoni asivuke feri saa za msongamano. Kukiwa na fizio anayekuja nyumbani, kwa majuma ya mwanzo hilo ni bora zaidi, tena ataziona ngazi za Mji wa Kale kwa macho yake.

Jambo moja husahaulika kabisa: mazoezi hayachukui nafasi ya dawa ya mifupa. Mwulizeni daktari kuihusu kabla ya kuondoka kliniki. Akiandikiwa alendronate, huimeza asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha abaki ameketi wima au amesimama kwa angalau dakika 30 kabla ya kulala tena, kula au kunywa chai.