Somo: Kuchagua matairi ya A/T (All-Terrain, ya lami na vumbi) kwa pikapu inayobeba mzigo

Mfano wetu ni Toyota Hilux yenye tairi la 265/65R17. Mwenye Ranger au D-Max afuate hesabu zilezile, abadilishe namba tu. Tuelewane mapema: tairi la pikapu kwenye barabara zetu za vumbi mara nyingi halifi kwa kuisha kashata (meno yanayogusa barabara). Linakufa kwa ukuta kupasuliwa na jiwe, au kwa joto la upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa. Ndiyo maana tunaanza na mzigo na ukuta, sura ya kashata inafuata.

Hatua ya 1: Soma kibandiko. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Nakili saizi ya tairi na upepo wa mbele na nyuma, bila mzigo na ukiwa na mzigo. Kwenye 265/65R17, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo (kama milimita 172), 17 ni inchi za rimu. Tairi zima lina kimo cha milimita 776.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo. Baada ya saizi utaona kitu kama 112S. Namba 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Sasa chukua mfano: gari tupu lina kilo 900 kwenye ekseli ya nyuma. Pakia magunia 10 ya kilo 100, karibu uzito wote unakwenda nyuma, kila tairi linabeba 950. Kwa upande wa tairi uko salama. Pakia 15, kila moja linabeba 1,200, umeshavuka. Na ukinunua tairi lenye nguvu zaidi, ekseli, springi na breki zinabaki zilezile. Tairi haliongezi uwezo wa gari.

Hatua ya 3: Chagua ukuta. Hapa ndipo pesa yako iende. Herufi LT kabla ya saizi ni tairi la magari ya mzigo. Madaraja yake ni C (ply 6), D (ply 8) na E (ply 10). Hiyo ply ni kipimo cha nguvu, usitegemee kukuta tabaka kumi ndani. Tabaka halisi zimeandikwa ubavuni: tafuta neno SIDEWALL, usome idadi inayofuata. Matairi mengi yana mbili. Yenye tatu yanavumilia zaidi mawe makali, mfano njia ya Ngorongoro kwenda lango la Naabi. Gharama yake ni uzito: tairi la E ni zito, linakula mafuta zaidi, na gari tupu litarukaruka. Kama kazi yako ni lami na vumbi la kawaida, C inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Kashata. A/T inafaa kwa aliye nusu lami, nusu vumbi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, mifereji yake inajaa tope na tairi linateleza kama kipara. Huko M/T (Mud-Terrain, ya tope) inajisafisha vizuri zaidi, ila kwenye lami inapiga kelele na kuisha haraka. Asiyetoka lami abaki na H/T (Highway-Terrain, ya lami). Alama ya mlima wenye theluji usiilipie ziada, inahusu nchi za baridi.

Hatua ya 5: Ukitaka saizi kubwa. 265/70R17 ina kimo cha milimita 803, yaani asilimia 3.4 zaidi. Gari linanyanyuka milimita 13 tu, na spidi ikisoma 100 unakwenda kama 103. Kabla ya kulipa, funga moja mbele, kata usukani mwisho kulia na kushoto, uone kama linagusa plastiki ya madigadi. Ukienda 285/70R17 tofauti ni asilimia 7: gari linakuwa zito kuondoka, na huenda likagusa.

Hatua ya 6: Dukani. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Zikikosekana upande mmoja, angalia wa pili. Likatae tairi lililoanikwa juani au lenye nyufa ndogo ubavuni, hata likiitwa jipya.

Hatua ya 7: Kufunga. Valvu mpya, balansi, kisha alaimenti. Baada ya kilomita 100 kaza nati tena. Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na spea iwe saizi ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, bajeti haitoshi. Naweza kuweka A/T mbili nyuma, mbele zibaki za zamani?*

Ukitumia 4x2 tu na saizi ni moja, utavumilia. Ukiingiza 4H (gia ya 4x4), ekseli ya mbele na ya nyuma zinazungushwa pamoja. Matairi yakitofautiana kimo, ekseli zinavutana, gia zinapata joto na lever inagoma kutoka. Subiri ununue manne.

*Tairi limeandikwa 80 psi, fundi amenijazia 60. Sawa?*

Hapana mkuu. Ile 80 ni kikomo cha tairi. Anza na kibandiko. Ukihamia LT ongeza psi 5 hadi 8 (psi ni kipimo cha upepo). Kisha chora mstari wa chaki kukatisha kashata, endesha moja kwa moja mita mia. Chaki ikifutika katikati tu, punguza; ikifutika pembeni tu, ongeza. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, na rudia ukipakia.

*Jiwe limekata ukuta. Kiraka kitashika?*

Hakitashika kwa usalama, kwa sababu ukuta unajikunja kila mzunguko. Kinachozibika ni tundu la kashata lisilozidi milimita 6, kwa kiraka cha ndani. Kamba ya nje ni ya kukufikisha gereji.

*Kwenye mchanga nishushe hadi ngapi?*

Bila mzigo mzito, 18 hadi 20 psi, mwendo usizidi 30, usikate kona kali kwani tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba pampu: ukigusa lami, jaza kwanza ndipo uongeze mwendo.