Namna ya kuandaa habari ya mkoani kwa ajili ya tuzo: hatua kwa hatua kutoka Mtwara

Mwaka wangu wa kwanza kushindania tuzo, habari niliyoitegemea niliikuta imefungia vitumbua. Sitanii. Gazeti nililiacha juu ya kabati, mgeni akaondoka nalo, likaishia kwa mama vitumbua mmoja hapa mjini. Nilichookoa ni nusu ukurasa wenye mafuta, bila jina la gazeti wala tarehe. Nikaupiga picha hivyo hivyo, nikatuma. Sikusikia chochote.

Tangu hapo nimetuma tena na tena, nimekosa mara nyingi kuliko nilivyopata, na nimekaa na wenzangu wa Mtwara na Lindi tukiandaa kazi zao. Ninachoandika hapa ni njia ninayoifuata mimi. Nawalenga zaidi nyie mnaolipwa kwa habari iliyotoka, mnaokwenda Newala kwa nauli yenu na kumalizia safari kwa bodaboda.

Tuzo ninazozizungumzia hasa ni EJAT, yaani Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania, zilizoanzishwa mwaka 2009 chini ya Baraza la Habari Tanzania (MCT) na washirika wake. Zipo nyingine, lakini maandalizi hayapishani sana. Masharti ndiyo hubadilika, kwa hiyo lisome tangazo la mwaka husika neno kwa neno. Usitegemee lile la mwaka juzi lililobaki kwenye grupu la WhatsApp.

Hatua ya 1: Anza kabla ya tangazo

Tuzo hupima kazi ambazo tayari zimechapishwa. Tangazo likitoka, habari yako ya ushindi ama umeshaiandika ama hunayo. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka mimi huchagua mambo mawili ya kuyafuatilia pembeni ya kazi za kila siku. Mawili yanatosha. Ukichukua matano utaishia kuhudhuria semina tano.

Kipimo changu cha kuchagua ni kimoja: je, habari hii mtu wa Dar es Salaam angeweza kuiandika kwa simu? Kama angeweza, mwachie. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 na barabara ya Dar–Lindi kukatika huko Kilwa, kila gazeti lilikuwa na picha ya maji na malori yaliyokwama. Hiyo ni habari ya siku, lazima uitume. Ila ya kupeleka kwenye tuzo ilikuwa huku nyuma: duka la dawa la kijijini lililoishiwa, mvuvi aliyebaki na samaki bila barafu, bei sokoni Mtwara siku baada ya siku. Hiyo inamtaka mtu anayeishi hapa.

Na usijidharau kwa udogo wa gazeti au wa mkoa. Mwaka 2017 Art Cullen wa Storm Lake Times, gazeti la familia huko Iowa, Marekani, lililokuwa likitoa nakala kama 3,000 tu, alichukua Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, kwa tahariri. Alichoandika kilihusu kilimo na uchafuzi wa maji ya mito ya kwao. Hakwenda Washington kutafuta mada.

Hatua ya 2: Daftari la tarakimu

Hapa ndipo kazi nyingi za kutoka kusini zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Korosho tunaiandika kila msimu. Mnada umefanyika, bei imepanda au imeshuka, mkuu wa mkoa amewaonya wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua nje ya mfumo rasmi. Habari hizo hazina ubaya, lakini jaji ameshazisoma tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ilipoanza kwenye korosho mwaka 2007. Ukitaka habari ambayo hajaisoma, kaa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kutwa nzima, karibu na mzani, na daftari.

Nitakupa mfano wangu. Nilikaa hivyo kwenye kijiji kimoja upande wa Tandahimba. Asubuhi nilimsalimia mzee aliyekuja na korosho zake kwa baiskeli.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuuza au kuandika?”

“Kuandika tu.”

“Basi andika na tarakimu, siyo maneno yetu tu.”

Gunia lake likawekwa. Mzani ukasoma 83. Karani akaandika 81. Nikauliza, nikaambiwa kilo moja ni ya gunia. Sawa, gunia lina uzito wake. Na ya pili? “Unyaufu.” Korosho hunyauka ghalani kwa kupoteza unyevu, hilo kila mtu analijua, ila swali ni nani alipanga kiasi hicho na kinaandikwa wapi. Nikaacha kuuliza, nikaanza kuorodhesha: namba ya gunia, mzani ulivyosoma, karani alivyoandika, saa. Hadi jioni nilikuwa nimejaza kurasa nne. Kurasa hizo nne ndizo zilizokuwa habari. Maneno ya viongozi yaliyofuata yalikuwa majibu kwa kurasa hizo.

Njia hii si ya kwangu. Eric Eyre wa Charleston Gazette-Mail, gazeti la jimbo la West Virginia, alipata Pulitzer ya uchunguzi mwaka huo huo wa 2017 kwa kuhesabu vidonge vya kutuliza maumivu: milioni 780 viliingia kwenye jimbo hilo ndani ya miaka 6, huku watu 1,728 wakifa kwa kuzidisha dozi za dawa hizo. Vidonge au magunia, kazi ni ile ile: mtu anakaa na kuhesabu kitu ambacho wenzake wanakilalamikia tu.

Kwenye daftari lako weka pia: aina ya mzani na kama una stika ya Wakala wa Vipimo, jina kamili la kila uliyezungumza naye, na namba yake ya simu. Ukurasa ukijaa, upige picha usiku huo huo.

Hatua ya 3: Omba karatasi, na uombe kwa karatasi

Ukipiga simu ofisini utaambiwa njoo kesho. Andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu, na siku hizo zinahesabika vizuri pale nakala yako inapokuwa imegongwa muhuri wa masijala. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, moja irudi na muhuri. Hata wasipojibu umepata kitu: sentensi yako haitasema “jitihada za kumpata hazikuzaa matunda”, itataja siku barua ilipopokelewa na siku zilizopita bila jibu. Sentensi ya kwanza kila jaji ameichoka.

Bahasha usipokee. Najua nauli inauma, na najua posho ya semina moja inazidi malipo ya habari tatu. Lakini habari unayotaka kuipeleka mbele ya majaji haiwezi kuwa imelipiwa na anayeandikwa. Mjini hapa siri ya namna hiyo haikai.

Hatua ya 4: Pigania nafasi gazetini

Majaji wanasoma kilichochapishwa. Uliyoyaacha kwenye kompyuta hawayajui. Nimewahi kutuma maneno 1,400 kwenye gazeti moja nililokuwa nikiliandikia, zikatoka aya sita pembeni ya tangazo la zabuni, na jedwali la magunia likiwa limeachwa kabisa. Niliwalaumu wahariri wiki nzima, kisha nikajiuliza nilikuwa nimewaambia nini. Nilikuwa nimetuma barua pepe saa 11 jioni bila hata kupiga simu.

Sasa nafanya hivi. Wiki moja kabla, namwandikia mhariri mistari mitatu: nimepata nini, ushahidi ni upi, nahitaji nafasi kiasi gani. Natuma jedwali likiwa faili la peke yake, dogo, safu tatu tu, ili msanifu wa kurasa asipate kisingizio. Natuma picha tano zenye maelezo kamili, na moja kati yake lazima iwe ya wima. Na kama habari ni kubwa, mimi mwenyewe ndiye ninayeigawa mara mbili. Nikimwachia mhariri ataigawa pabaya.

Halafu usidhani kila mhariri hajui Masasi iko wapi. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alikaa kwenye kiti hicho hicho: Nationalist na Uhuru miaka ya 1960, Daily News mwaka 1972, kabla hatujamjua kwa mengine.

Hatua ya 5: Hifadhi ukurasa mzima

Nilishasimulia vitumbua, sitarudia. Siku habari inapotoka nunua nakala mbili. Gazeti likichelewa kufika huku, mwagize mtu Dar. Ukurasa uonekane wote, pamoja na jina la gazeti, tarehe, namba ya ukurasa na jina lako. Uskani, usiupige picha kwa simu chini ya taa ya njano. Omba na PDF ya ukurasa kutoka kwa watu wa usanifu siku hiyo hiyo, maana baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka iko wapi. Faili lipe jina linaloeleweka: jina lako, gazeti, tarehe. Weka kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Nakala za karatasi zifunge kwenye nailoni. Wa Mikindani na Kilwa mnajua hewa ya bahari inavyoila karatasi, na mchwa wa Nachingwea hawahitaji kutambulishwa.

Hatua ya 6: Chagua kundi

Makundi ya EJAT yamekuwa yakigusa uchumi na biashara, kilimo, afya, elimu, habari za uchunguzi, picha na mengineyo. Habari ya mzani inaweza kuingia kwenye kilimo, uchumi au uchunguzi. Wengi hukimbilia uchunguzi kwa sababu jina lake linapendeza. Mimi nauliza: ukiondoa nilichokigundua mwenyewe, kinabaki nini? Kikibaki kidogo sana, ni uchunguzi. Kikibaki kingi, yaani maelezo ya jinsi biashara inavyoendeshwa na nani anapata nini, ni uchumi.

Hatua ya 7: Andika maelezo ya kuambatanisha

Ukitakiwa kuandika maelezo mafupi ya kazi yako, huyo unayemwandikia hajawahi kusimama Tandahimba. Hajui kwamba kangomba ni ununuzi wa nje ya mfumo, unaofanyika mapema, kwa bei ya kumnyonya mkulima aliyebanwa na ada za shule au salfa ya kupulizia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Mweleze bila kumfundisha darasa.

Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza:

“Habari hii imeibua changamoto mbalimbali zinazowakabili wakulima wa korosho na imeleta hamasa kubwa kwa jamii.”

Na hivi ndivyo nilivyoandika baadaye:

“Nilikaa kwenye ghala la kijiji siku moja, nikaandika mzani ulivyosoma na karani alivyoandika kwa kila gunia. Tofauti ilikuwa kilo mbili. Moja ilikuwa ya gunia. Ya pili hakuna aliyeweza kunionyesha ilipoandikwa. Kurasa za daftari ninazo.”

Ya kwanza ingeweza kubandikwa kwenye habari yoyote ya Tanzania, hata ya ng'ombe wa Shinyanga. Ya pili ni ya kwangu.

Kuhusu matokeo ya habari, sema kilichotokea tu. Kama mkutano wa kijiji uliitishwa baada ya gazeti kutoka, andika hivyo, na tarehe. Usiandike kwamba serikali ilichukua hatua kama hukuiona hatua yenyewe. Na kama hakuna kilichotokea, nyamaza.

Hatua ya 8: Tuma mapema

Siku tatu kabla. Umeme na mtandao vina tabia ya kuondoka pamoja, na skani za ukurasa mzima ni nzito. Mwombe mtu mwingine afungue faili kwenye kompyuta yake kabla hujalituma. Kwenye yako kila kitu kinafunguka. Ukipata ujumbe wa kupokelewa, upige picha.

Hatua ya 9: Rudi kijijini

Hii haimo kwenye masharti yoyote, ila namba ya simu ya chanzo chako ikihitajika kwa uhakiki, ni vizuri apokee akijua unazungumzia nini. Niliporudi Tandahimba nilimkuta babu kibarazani. Nikampa gazeti. Alilisoma taratibu, akashuka na kidole kwenye jedwali hadi akalikuta gunia lake, 83 na 81, akalitazama kwa muda.

“Tarakimu ziko sawa,” akasema. “Sasa picha yangu mbona hamkuweka?”