Sabuni ya Mafuta ya Ng'ombe: Usidanganywe na Uji Mzito

Mwambie muuza nyama akutengee mafuta ya figo. Hayo ndiyo meupe na magumu. Yakatekate, yachemshe na maji na kijiko cha chumvi kwa moto mdogo, chuja, yaache yagande usiku kucha, kisha kwangua uchafu wa kahawia chini ya bonge. Yakinuka bado, rudia.

Kwa gramu 1,000 za mafuta: kostiki soda gramu 133, maji gramu 300. Pima vyote kwa mizani, hata maji. Magadi ya kuivishia maharagwe hayatoshi. Hayana ukali wa kugeuza mafuta kuwa sabuni.

Sufuria nyingi za Kamukunji, soko la mafundi wa jua kali Nairobi, ni za alumini, na kostiki huila alumini ikitoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Vaa glavu na miwani, uwe nje, na umimine kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Ukigeuza, ukamwagia kostiki maji, itakurukia usoni.

Sasa kuchanganya, na hapa ndipo wengi huharibu. Mafuta na maji ya kostiki yawe nyuzi 45 hadi 50 yanapokutana. Mafuta ya ng'ombe huganda upesi, hasa baridi ya Julai jijini. Yakipoa ndooni, mchanganyiko huwa mzito kama uji, nawe unadhani umeiva. Ukimimina, kesho utakuta chembe nyeupe juu na kostiki mbichi imetuama chini.

Jaribu hivi: tia ndoo kwenye karai la maji moto, koroga dakika tano. Uji ukilegea na mafuta kuelea, ulikuwa umeganda tu. Endelea kukoroga ukiwa na joto. Ulioiva haujitengi tena, na mchirizi wa mwiko hubaki juu yake. Kwa mwiko huchukua hata saa nzima. Blenda ya mkono, dakika chache. Mimi sioni sababu ya mwiko.

Umeshamimina? Rudisha vyote ndooni, pamoja na yale maji ya chini. Ukiyamwaga, umemwaga kostiki na vipimo vimevurugika. Pasha, koroga upya.

Mimina kwenye trei yenye karatasi, funika na blanketi. Kata kesho yake kabla haijawa ngumu ya kupasuka. Ianike kivulini wiki 4 hadi 6.