Boksi linang'aa, lakini linanyoa? Jinsi ya kuchagua vitu vya kunyolea ndevu

Ingia supamaketi yoyote hapa Kampala uende kwenye shelfu ya vitu vya kunyolea, utakuta mashine ya nyembe tano imekaa usawa wa macho ndani ya plastiki ngumu inayong'aa, halafu kule chini kabisa kuna vipakiti vya wembe wa kawaida wa pande mbili vimefungwa karatasi tu. Jicho linaenda kwa ile ya juu na mkono unafuata. Mimi naomba usimame kidogo, geuza hilo boksi ujiulize linafanya kazi gani, maana kuna pakiti inayolinda kitu na kuna pakiti inayokipamba tu, na zote mbili analipa mnunuzi.

Wembe kwanza, maana ndio unaogusa ngozi. Wengi wetu ndevu zetu zimejikunja, na ndevu ya hivyo ikikatwa chini sana, ikianza kuota inapinda inachoma ngozi upya, ndio unaona vile vipele vya shingoni na chini ya kidevu, vinawasha, vinauma, vingine vinaacha madoa meusi. Sasa mashine ya nyembe nyingi ndivyo inavyofanya kazi, wembe wa mbele unaivuta nywele juu kidogo, wa nyuma unaikata, ikirudi inazama chini ya usawa wa ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka anafurahia hapo, uso unakuwa laini sana, lakini kwa mtu wa vipele hiyo sifa iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ndiyo inayomuumiza. Wembe mmoja unamtosha. Na si kitu cha kubahatisha, King C. Gillette alipata patenti ya mashine yake ya wembe wa kubadilisha kule Marekani mwaka 1904 na mpaka leo watu wananyoa na mashine za aina hiyo.

Halafu hesabu, na hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Usilinganishe bei ya boksi na boksi, linganisha bei ya kunyoa mara moja. Tuseme, nachukua namba rahisi tu za mfano, mashine inayouzwa na vichwa viwili vya kubadilisha ni shilingi 40,000 na kila kichwa kinakunyoa mara 8, basi kila ukinyoa umetumia 2,500. Pakiti ya nyembe 5 tuseme nayo ni 2,500 na kila wembe unanyoa mara 4, hapo unapata mara 20, yaani shilingi 125 kila mara. Mpini wa chuma unanunua pembeni, ndiyo, lakini ukiutunza unakaa miaka. Weka bei za duka lako mwenyewe uone.

Ila msinielewe vibaya, sisemi pakiti haina maana. Wembe ni chuma, ukiingia unyevu unapata kutu, makali yakigusana na kitu yanaharibika, kwa hiyo ile karatasi yake ndogo, ambayo mara nyingi ya ndani ina nta, inafanya kazi kweli. Ukinunua jumla kule Kikuubo, soko la jumla hapa Kampala, omba kufungua mmoja hapo hapo. Angalia karatasi imekunjwa sawasawa, maandishi hayajafifia wala kukosewa herufi, na chuma hakina doa. Ukiona pakiti ilishalowa na kukauka, rudisha.

Kwenye krimu, kopo la gesi linatoa povu tamu la macho, lakini povu lile ni hewa nyingi, na sehemu ya hela yako imeenda kwenye kopo na gesi. Krimu ya tyubu au sabuni ya kunyolea unayoipiga kwa brashi inakwenda mbali zaidi. Soma orodha ya viambato nyuma, vilivyo vingi ndio vinatangulia kuandikwa, kwa hiyo gliserini ikiwa karibu na mwanzo ni dalili nzuri, spiriti ikiwa huko juu na ngozi yako ni kavu, achana nayo. Mentoli inaleta ubaridi, hailainishi ndevu. Ukifika nyumbani jaribu hivi: chukua krimu kidogo, sugua kwenye kiganja kilicholowa maji, acha dakika mbili. Povu zuri linabaki zito na linateleza ukipitisha kidole, povu bovu linajaa mapovu makubwa na kupasuka, mkono unabaki mkavu. Na kama unaogea kwa beseni au bafu la pamoja chukua tyubu yenye kifuniko cha kubana, kopo la mdomo mpana litaingia maji na uchafu hata liwe zuri vipi.

Ya kupaka baada ya kunyoa sitasema sana. Chupa nzito ya kioo mara nyingi ndani ni spiriti na harufu. Jiwe la shabu, lile jeupe linalofanana na barafu, ukililowesha na kulipitisha usoni linabana damu ya mikwaruzo midogo, na jiwe moja linadumu.

Kwa vilivyotengenezwa hapa nchini tafuta ile alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Mwisho poda ya kuondoa ndevu bila wembe, watu wa vipele wengi wanaipenda. Hii inayeyusha nywele kwa kemikali na ikizidi muda inaunguza ngozi, kwa hiyo hapa maandishi ya kopo ni sehemu ya dawa yenyewe: dakika ngapi, ioshwe vipi, ijaribiwe wapi kwanza. Jaribu kidogo nyuma ya mkono siku moja kabla. Na ukikuta muuzaji ameipima kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, bila lebo, hata akikupa kwa nusu bei, usinunue.