Jinsi ya kuchonga shetani kwenye mpingo

Shetani ni kinyago cha Kimakonde chenye mwili uliovurugwa, kwa hiyo gogo lililonyooka waachie wachonga simba. Wewe tafuta la mpingo lenye kona na tundu, hata lililooza kidogo katikati. Liweke kivulini, paka nta ncha zote mbili, kwani mpingo ukikauka haraka hupasuka kuanzia huko. Hapa Mwenge, soko la wachongaji Dar, wapo wanaoziba nyufa kwa kiwi. Kiwi haizibi kitu.

Usichore. Ligeuze gogo hadi uone bega liko wapi, halafu punguza kwa shoka dogo, ufuate kwa tezo. Pigo dogodogo, kwa kufuata nyuzi. Tundu la ubovu usilikate: ndilo mdomo. Funga kitambaa puani, vumbi lake linawasha.

Kuchonga dhiki nilifundishwa na babu, aliyevuka Ruvuma kutoka Mueda, Msumbiji, akikimbia kazi za shuruti za Wareno, akaishia kukata mkonge Tanga. Yeye alisema dhiki haikai usoni. Uso uache mtulivu kabisa. Zamisha shingo ndani ya mabega, pinda goti moja zaidi ya jingine, nyayo zifanye pana kupita kiasi. Anayetazama atauona mzigo hata kama hukuuchonga.

Kuchonga hofu nilifundishwa na mjomba. Yeye alikuja baada ya Wareno kuwapiga risasi watu pale Mueda, 16 Juni 1960, na vinyago vyake vyote vilikosa kitu: jicho, sikio, mkono. Nawe ondoa kimoja, kisha kilichobaki kikuze. Jicho moja lijae nusu ya kichwa. Mkono uchomoke kwenye mgongo, vidole virudi kushika koo la mwenyewe. Mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa alipoanza mashetani haya Dar miaka ya 1950, aliwapa wachongaji ruhusa ya kuvuruga mwili, ila kuvuruga bila sababu ni kuharibu mti tu. Ule weupe wa nje chini ya gome ubakize kwenye meno na kucha. Dhidi ya kiini cheusi utatisha kuliko rangi yoyote.

Msasa mkali kwanza, kisha laini, mwisho nta. Mgongoni acha alama za tezo.

Mnunuzi akikipeleka Ulaya, mwambie asikiweke karibu na hita. Kitapasuka, na atakulaumu wewe.